Mwaka wa Kwanza wa Uhandisi: Mchoro Kwanza, Fomula Baadaye

Mekanika (somo la kani na mwendo) ya muhula wa kwanza wa uhandisi ina mengi ambayo mwanafunzi alishayaona sekondari. Kinachomkwamisha ni kwamba swali sasa halimwambii atumie fomula gani.

Chukua ngazi yenye uzito wa nyutoni 200, imeegemea ukuta laini usio na msuguano, kwa nyuzi 60 kutoka sakafuni. Kabla ya kugusa kikokotoo, ichore ngazi peke yake, bila ukuta wala sakafu, kisha weka mshale kwa kila kani. Uzito unashuka kutoka katikati. Sakafu inasukuma juu. Ukuta unasukuma kwa mlalo. Msuguano wa sakafu unaelekea ukutani, na huu wa nne ndio husahaulika. Usipouweka, hakuna kinachoizuia ngazi kuteleza, na hesabu yote inayofuata ni kazi bure hata kama aljebra yako haina kosa.

Sasa piga momenti (kani mara umbali wake kutoka pale unapopimia) kwenye mguu wa ngazi. Kani zote mbili za sakafu zinapita hapo, kwa hiyo zinajitoa, na inabaki moja tu usiyoijua. Ukuta unasukuma kwa 100 (nusu ya uzito, kwa kuwa uzito uko katikati) gawanya kwa tan 60, yaani nyutoni 58 hivi. Kikokotoo kikiwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, kitakupa 312, bila onyo lolote! Lakini kwa nyuzi 45 jibu ni 100, na ngazi ikisimama wima zaidi huegemea ukuta kwa nguvu ndogo zaidi. Basi 312 haiingii akilini. Jizoeze ukaguzi huu tangu wiki ya kwanza.

Vipimo navyo viandike kila mstari. Mwaka 1999 chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya pauni na nyingine ikazisoma kama za nyutoni.

Kabla masomo hayajaanza, rudia trigonometria, logi na kuhamisha herufi katika milinganyo. Makosa mengi ya kalkulasi (hesabu za mabadiliko) ni ya aljebra.

Jihadhari na suluhisho lililokwisha kuandikwa: ukilisoma, kila mstari huonekana rahisi. Lifunike, ufanye swali upya kwenye karatasi tupu siku ileile ya kipindi. Ukikwama dakika 20, wekea alama mstari uliokushinda, uende nao kwa mhadhiri.