Kwa nini "alto" maana yake ni "juu"?

Swali hili hutufikia kila baada ya muda, na anayeuliza mara nyingi ni mwimbaji wa alto, yaani sauti ya pili kwayani. Amefungua kamusi ya Kiingereza akaona "alto" limetoka Kiitaliano, maana yake "juu". Sasa mbona kwayani yeye ndiye anayeimba chini ya soprano, sauti ya kwanza? Kamusi imekosea?

Haijakosea, ila tuanze na tenor, sauti ya tatu, ile ya wanaume. Neno hili asili yake ni kitenzi cha Kilatini "tenere", yaani kushika. Katika makanisa ya Ulaya ya zama za kati, mwimbaji wa tenor ndiye aliyeshika wimbo wenyewe: nota ndefu ndefu za nyimbo za kale za ibada, huku wenzake wakipamba juu yake. Baadaye ikaongezwa sauti ya kupambana naye, contratenor, na kufikia karne ya 15 nayo ikagawanyika. Iliyopanda juu ya tenor ikaitwa "altus", ya juu. Iliyoshuka chini yake ikawa "bassus", ya chini, ambayo ndiyo besi yetu. Kumbe alto ni ya juu kwa kipimo cha tenor, na waliokuwa wakiiimba kanisani ni wanaume! Wanawake walipokuja kuichukua, hakuna aliyejisumbua kubadili jina. Soprano imetokana na "sopra", juu ya, kwa kuwa iliwapita wote.

Baritone, sauti ya kiume iliyo kati ya tenor na besi, si ya ukoo huo. Ni Kigiriki, sauti nzito.

Na zile do, re, mi? Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji: ut, re, mi, fa, sol, la. "Ut" ilikuwa ngumu kuimbika, ikaja kuwa "do". Nota ya saba ikaitwa "si", herufi za mwanzo za Sancte Iohannes, jina la mtakatifu huyo. Karne ya 19, mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitaka kila nota iandikwe kwa herufi moja tu. "Sol" na "si" zikagongana, akaibadili ya pili ianze na t. Fungua daftari lolote la kwaya yenu lenye d r m f s l t: hiyo t ya mwisho ni kazi ya mama huyo.