Daktari mwanagenzi si mwanafunzi

Kila suala la malipo ya madaktari wanagenzi linaporudi kwenye taarifa ya habari, kuna sentensi isiyokosa kusikika redioni, kwenye matatu, na hata kwa watu waliosoma wakasomeka: "Hao si bado ni wanafunzi? Wanadai mshahara wa nini?" Mwaka 2024 tuliisikia kuanzia Machi hadi Mei, muda wote wa mgomo wa madaktari. Ukadhani imechoka, kumbe ilikuwa imepumzika tu.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Daktari mwanagenzi ni mtu aliyemaliza shahada ya udaktari, akafuzu, na sasa anafanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi wa wakubwa zake kabla ya kupewa usajili kamili. Kwa hapa Kenya anapitia idara kuu za hospitali, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Leseni yake ya mwaka huo hutolewa na baraza la madaktari, KMPDC. Wizara ya Afya ndiyo inayompangia kituo.

Kelele inaanzia kwenye lile neno "uangalizi". Watu wakisikia mtu anaangaliwa, wanahitimisha kwamba hajamaliza shule. Lakini shule imekwisha. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi kozi ya udaktari ni miaka sita, na mwanagenzi ameimaliza yote. Ameshavaa joho na ameshapiga picha na shangazi zake. Kilichobaki hakidaiwi na chuo, kinadaiwa na baraza.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi wodini kuliko kwenye mjadala. Chukua saa nane za usiku katika hospitali yoyote ya kaunti. Mama ameletwa akivuja damu baada ya kujifungulia nyumbani. Mara nyingi daktari wa kwanza kuamshwa ni mwanagenzi. Anapima presha, anamtia kanula, ule mrija mwembamba wa mshipani, anatoa damu ya kupima kundi, anaandika maagizo ya dawa kwenye faili na kutia sahihi, huku akimpigia simu mkubwa wake. Muuguzi atatoa dawa kwa nguvu ya sahihi hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa tano anaweza kuwa amesimama papo hapo, anatazama, anashika taa, anajifunza. Sahihi yake haitoi hata panadol.

Sasa twende kwenye karatasi, maana ubishi huu ni wa karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 2, inamweleza mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, kisha inaongeza kwamba maana hiyo inamjumuisha pia mwanagenzi na anayejifunza kazi chini ya mkataba. Bunge liliwaona watu wa aina hii na halikuwaacha nje. Hoja ya "anajifunza, kwa hiyo si mwajiriwa" ilijibiwa kabla wengi wa wanagenzi wa leo hawajamaliza shule ya msingi. Mtu anaweza kujifunza na kuajiriwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo kila mwenye gereji anayemlipa kijana wa spana analijua bila kusoma sheria.

Lakini hapa nawageukia pia wanaowatetea wanagenzi, kwa sababu nao huruka hatua. Kuwa mwajiriwa hakukupi shilingi 206,400 za kila mwezi, kiwango ambacho wanagenzi wamekuwa wakikidai. Sheria inakwambia tu kwamba wewe ni mwajiriwa. Haisemi wa gredi gani wala kwa kiasi gani. Hilo linasemwa na mkataba wa makubaliano ya pamoja, huu tunaouita CBA, ambao chama cha madaktari, KMPDU, kilitiliana sahihi na serikali mwaka 2017, miezi michache baada ya ule mgomo wa madaktari wa siku 100. Ndani ya mkataba huo mwanagenzi ametajwa kama ngazi ya kwanza ya kazi ya udaktari. Yuko gredi L. Daktari aliyekwisha kusajiliwa kikamilifu anaanzia M, na wengine wanapanda kutoka hapo. Ile 206,400 ya kila mwezi ni jumla ya mshahara wa msingi na marupurupu ya ngazi hiyo.

Soma tena: ngazi ya kwanza. Mtu hawi kwenye ngazi ya kwanza akiwa nje ya ngazi. Walioandika mkataba wangetaka kumhesabu mwanagenzi kama mwanafunzi wangemwacha nje kabisa, kama walivyowaacha wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita, ambao hawamo. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi, nayo ya 2007, inasema masharti ya makubaliano ya pamoja yanaingia kwenye mkataba wa ajira wa kila mwajiriwa anayehusika nayo. Ndiyo maana swali la nani ametajwa na nani hakutajwa linapiganiwa kama shamba la urithi.

Serikali nayo iliuelewa uzito wa jina. Mwaka 2024 barua za kuwapangia wanagenzi hospitali zilipotoka zikiwa na shilingi 70,000 kwa mwezi, lugha iliyoandamana na kiwango hicho ilikuwa ya posho. Wengi waliona ni kucheza na maneno tu, pesa ni pesa. Si kweli. Mshahara una gredi, na gredi ina kiwango kilichoandikwa ambacho unaweza kukidai mahakamani. Posho ni ya mtoaji. Yeye ndiye anayeipima, na akipunguza mwaka ujao huna mahali pa kuonyesha kidole. Ukikubali kuitwa mpokea posho umeshatoka gredi L bila mtu yeyote kuufuta mkataba. Hoja ya fedha ya serikali ilikuwa na uzito wake, wanagenzi ni wengi na hazina haina kitu, na inafaa ijadiliwe kama hoja ya fedha. Kosa lilikuwa kuivalisha koti la "hawa ni wanafunzi". Mgomo uliisha Mei baada ya siku 56, lakini suala la wanagenzi liliachwa likining'inia hadi Desemba 2024, pande mbili zilipotia sahihi makubaliano ya kurudi kwenye kiwango cha 2017.

Kuna kosa la pili, pacha wa lile la kwanza, nalo hutoka kwa watu wenye nia njema: "Wanagenzi wote wa afya walipwe 206,400." Wanagenzi gani? CBA ya KMPDU inahusu makundi matatu: madaktari, madaktari wa meno na wafamasia. Hivyo mfamasia mwanagenzi yumo, ingawa mtaani hakuna anayemwita daktari na anasajiliwa na bodi nyingine kabisa, ile ya famasia na sumu. Tabibu, yule mwenye diploma ya tiba ambaye katika vituo vingi vya afya vijijini ndiye "daktari" pekee ambaye wanakijiji wamewahi kumwona, hayumo. Ana baraza lake, lenye sheria yake ya 2017, na chama chake, KUCO. Muuguzi vilevile ana baraza lake na chama chake. Matabibu, na wauguzi wenye shahada, nao wana mwaka wa uanagenzi, wanakesha kwenye wodi zilezile, lakini mkataba wa jirani hauwalishi.

Unaweza kuona kwamba hilo si haki. Mimi naona sehemu yake si haki. Ila tusichanganye mambo mawili. Mkataba hauulizi nani anafanya kazi ngumu zaidi, wala wagonjwa wanamwita nani daktari. Unauliza chama gani kilikaa mezani, kwa niaba ya nani, na jina gani liliandikwa kwenye orodha. Tabibu akitaka kulipwa zaidi, njia yake ni meza ya chama chake, na ndiyo maana matabibu nao waligoma mwaka huohuo wa 2024, kwa madai yao wenyewe.

Na anayetafuta wanafunzi wa kweli wanaofanya kazi bila mshahara, wapo, ila anatazama ngazi isiyo yake. Awatazame madaktari wanaosomea ubingwa. Kule Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au Moi kule Eldoret utamkuta daktari aliyesajiliwa kikamilifu, mwenye miaka kadhaa ya kazi, ambaye sasa yuko chuoni kwa shahada ya uzamili. Kama kaunti yake imemruhusu aende kusoma huku ikiendelea kumlipa, ana nafuu. Kama anajilipia mwenyewe, analipa karo, anakesha, anapasua, na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Kwenye zamu moja anaweza kuwa anamwelekeza mwanagenzi mwenye mshahara. Aliye juu kwa ujuzi yuko nje ya orodha ya mishahara, na wa chini yumo. Suala hili lilikuwa miongoni mwa madai ya mgomo wa 2024, lakini halikupata vichwa vya habari kwa sababu halina tarakimu moja ya kushikilia kama 206,400.

Nikipita haraka kwenye bima ya afya, kwa sababu watu huipachika humu: huko uainishaji ni mwingine. Mkataba wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ni kati ya mamlaka na kituo, na kituo kinatambulishwa kwa ngazi, kutoka zahanati ya ngazi ya pili hadi hospitali za rufaa za ngazi ya sita. Cheo cha mhudumu kinaingia kwa mlango wa nyuma, kwenye suala la nani anaruhusiwa kuongoza kituo na nani anaomba kibali cha huduma. Matabibu wenye kliniki zao walilalamikia hasa mlango huo. Kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kuwa ndani ya karatasi moja na nje ya nyingine, na hakuna karatasi inayodanganya.

Nirudi kwa mwanagenzi. Ukiona kiwango chake ni kikubwa mno kwa uwezo wa nchi, sema hivyo. Hiyo ni hoja, na kuna watu makini wanaoishikilia. Ukiona mkataba wa 2017 ulitiwa sahihi kwa pupa, sema hivyo pia. Ila neno "wanafunzi" liache kwa wenyewe. Ukipita wodini asubuhi daktari bingwa anapokagua wagonjwa, watakuwa pale nyuma ya kundi, daftari mkononi, wakiomba Mungu wasiulizwe swali. Aliye mbele, anayesoma faili kwa sauti ya mtu ambaye hajalala, huyo mwite daktari.