Harusi iliyogeuka msiba: Romeo na Juliet ni mahaba au tanzia?

Kila nikiifundisha tamthilia hii, mwanafunzi mmoja hunyoosha mkono: "Mwalimu, si hadithi ya mapenzi hii?" Nami humuuliza: redio ikitangaza "tanzia", wewe hutarajia kusikia nini? Neno letu la fasihi ndilo hilohilo la matangazo ya vifo. Shakespeare mwenyewe hakuficha kitu. Utangulizi wake wa mistari 14 unatangaza vifo vya vijana hao hata kabla mhusika wa kwanza hajatia mguu jukwaani. Toleo la mwaka 1597 liliandikwa "tanzia" kwenye jina lake, na mkusanyo wa tamthilia zake wa 1623 ukaipanga na tanzia.

Jibu la mtihani limekwisha. Ila mwanafunzi wangu hajakosea sana.

Hebu soma sehemu mbili za mwanzo kana kwamba hujawahi kuisikia hadithi. Utamkuta Romeo akikonda kwa ajili ya msichana mwingine kabisa, Rosaline; yaya asiyejua kufunga mdomo; sherehe ya watu waliovaa vinyago; baba mwenye mchumba aliyemkubali yeye kwa ajili ya binti yake, Juliet; na ndoa ya siri. Hivyo vyote ni viungo vya ramsa, yaani tamthilia ya kuchekesha inayoishia kwa furaha, na vingi Warumi walishavipika zamani. Katika ramsa baba hugoma, hudanganywa, mwisho husalimu amri, tukala pilau.

Tena mapenzi yenyewe yamefumwa kwa ustadi. Romeo anamshika Juliet mkono, anauita mahali patakatifu, na midomo yake mwenyewe anaiita mahujaji wawili. Msichana anaudaka uhujaji huohuo na kumrudishia: mahujaji husalimiana kwa viganja, bwana. Romeo mistari minne, Juliet minne, iliyobaki wanapokezana, na mstari wa 14 ukitimia, busu. Soneti nzima, shairi la mistari 14, imetungwa na watu wawili ambao hata majina hawajaulizana! Aliyekulia kwenye mashairi ya kujibizana anajua ugumu wa kumjibu mtu kwa vina vyake mwenyewe. Kwangu mimi, mahaba ya tamthilia hii yamo hapo kuliko katika mazungumzo yao ya usiku pale dirishani, yanayosifiwa na kila mtu.

Kisha anakufa Mercutio, rafiki ya Romeo na mchekeshaji wao. Romeo anaingia kati kuamulia ugomvi, na upanga wa Tybalt, binamu yake Juliet, unapenya chini ya mkono wake. Mercutio anaendelea kutania huku damu ikimtoka, na anazilaani nyumba zote mbili, ya Romeo na ya Juliet, zenye uadui wa siku nyingi. Tangu hapo ramsa haina wa kuibeba.

Kuanzia hapo kinachoua ni haraka. Katika shairi la Arthur Brooke la 1562, alikochota Shakespeare, mambo yanachukua miezi. Shakespeare ameyabana kuanzia Jumapili hadi alfajiri ya Alhamisi. Juliet hajatimiza hata miaka 14. Baba yake anaivuta harusi yake na yule mchumba kutoka Alhamisi hadi Jumatano, kwa hiyo dawa ya kumlaza saa 42 aonekane amekufa, ili aikwepe harusi hiyo, inanywewa mapema kuliko ilivyopangwa. Barua ya kumweleza Romeo kwamba ni usingizi tu inakwama kwa sababu mtawa aliyeibeba amefungiwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni.

Wapo wanaosema basi hii ni ajali tu, si tanzia. Sikubaliani nao. Barua ile ilihitajika kwa sababu binti hakuweza kumwambia baba yake kwamba ameshaolewa, na baba alikwisha kuapa kumtupa mitaani akifia huko. Tauni ilichelewesha barua. Kimya cha nyumba ile kilianza zamani.

Onyesho ninalolipenda kuliko yote, na ambalo waongozaji wengi hulikata, ni asubuhi ya Jumatano. Yaya amekwenda kumwamsha bibi harusi akamkuta baridi. Capulet, baba yake Juliet, anaagiza kila kilichoandaliwa kwa sherehe kigeuzwe cha mazishi, hata maua ya bibi harusi. Aliyewahi kuona viti na sufuria za shughuli vikihamia msibani haelezwi zaidi. Wapiga muziki walioitwa kwa ajili ya harusi wamebaki wamesimama na vyombo vyao, hawajui waende au wakae. Wanataniana kidogo na mtumishi, kisha mmoja anawashauri wenzake waingie ndani wawasubiri wafiwa. Chakula cha mchana hakijaliwa bado.