Ushabiki wa kisiasa ni nini?

Ushabiki wa kisiasa ni ile hali ya mtu kupima jambo kwa kuangalia nani kalisema, kabla hajaangalia kilichosemwa. Kuwa na kadi ya chama, kukipigia kura na kukifanyia kampeni si kosa. Vyama vipo kwa ajili hiyo. Tatizo huanza vipimo vinapokuwa viwili. Kiongozi wao akibadili msimamo ni kigeugeu. Wetu akibadili, amesoma alama za nyakati. Wao wakikopa wanaliuza taifa, sisi tukikopa tunawekeza.

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Geoffrey Cohen alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani. Walipewa sera ya misaada kwa familia maskini: kwa wengine yenye ukarimu mkubwa, kwa wengine yenye mkono wa birika. Pasipo kutajiwa chama, waliberali (wanaotaka serikali isaidie zaidi) waliipenda ya kwanza na wahafidhina (wanaotaka isaidie kidogo) ya pili, kama ambavyo ungetarajia. Walipoambiwa chama chao kinaunga mkono sera hiyo, mambo yakageuka: waliberali waliikubali hata ile ya kubana, na wahafidhina hata ile ya ukarimu. Walipoulizwa kilichowaongoza, wakataja yaliyomo kwenye sera na falsafa yao wenyewe. Hawakuwa wanadanganya, waliamini hivyo kabisa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ushabiki wa jirani tunauona waziwazi, wa kwetu tunauita msimamo. Nyani haoni kundule.

Wengi hudhani dawa yake ni elimu. Sina hakika. Mwaka 2013 Dan Kahan, profesa wa sheria nchini Marekani, na wenzake waliwapa watu jedwali la takwimu za dawa ya upele, wakaona wanaojua hesabu wanalisoma vizuri zaidi, kama kawaida. Takwimu zilezile zikavalishwa suala la kama sheria za kudhibiti bunduki hupunguza uhalifu, jambo linalogawa pande za siasa nchini humo. Safari hii wajuzi wa hesabu walitumia ujuzi wao pale ambapo jibu sahihi lilipendeza upande wao. Lilipowauma, wengi waliridhika na jibu la harakaharaka lililokuwa si sahihi. Pengo kati ya pande mbili likawa kubwa zaidi miongoni mwa wajuzi kuliko kwa wengine. Akili ikishapewa kazi ya uwakili, haifanyi tena ya uhakimu.

Kujipima kunawezekana: chukua habari iliyokukera leo, badilisha majina ya vyama, kisha jiulize kama hasira ingebaki palepale. Ila zoezi hilo la faragha ndilo jepesi. Kazi ni kulisema jibu mbele ya wenzako. Ukikosea kuhusu sera, kura yako moja haitabadilisha mengi. Ukiwakosoa wa kwenu, unaweza kupoteza marafiki na cheo, na swali la kwanza utakaloulizwa halitahusu hoja yako bali nani amekutuma.