Kalsinesheni: jiwe linavyogeuka chokaa ndani ya tanuu

Kalsinesheni ni kulipasha jiwe au madini moto mkali, bila kufika kiwango cha kuyeyuka, mpaka kitu kilichofungwa ndani yake kitoke kikiwa hewa au mvuke. Kinachobaki bado ni kigumu, na mara nyingi umbo halijabadilika, lakini kikemia si kile kilichoingia motoni. Unguja na Pemba kazi hii ina jina lake la siku zote: kuchoma chokaa. Kuta za Mji Mkongwe zimeshikana kwa chokaa iliyotoka kwenye matanuu ya namna hiyo.

Watu huichanganya na kazi nyingine mbili za moto. Kuyeyusha madini ni kuyafanya kimiminika ili chuma au shaba ijitenge na takataka. Kuchoma madini yenye salfa kwa hewa nyingi ni kuiacha oksijeni iishike salfa na kuiondoa. Kalsinesheni haiyeyushi, wala haihitaji oksijeni iingie kwenye jiwe. Inataka joto, na njia ya kutokea hewa.

Jiwe la matumbawe, liwe la maweni ya Makunduchi au Micheweni, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Kilo 100 za kabonati safi zikiiva hutoa kilo 44 za kaboni dioksaidi na kubakisha kilo 56 za kalsiamu oksaidi, yaani chokaa isiyozimwa, ambayo bado haijatiwa maji. Ndiyo maana jiwe lililoiva ukilinyanyua unaliona jepesi kuliko ukubwa wake, ilhali mistari na vitundu vya tumbawe bado vinaonekana. Rangi haikwambii kitu. Tumbawe lilikuwa jeupe kabla ya moto, na kiini kibichi ndani ya jiwe lililochomwa nacho ni cheupe. Anayesema tanuu limeiva kwa kuangalia weupe anabahatisha.

Joto linalotajwa sana ni nyuzi 900 za sentigredi. Hapo ndipo msukumo wa kaboni dioksaidi inayotoka kwenye jiwe unapolingana na mgandamizo wa kawaida wa hewa. Upepo ukipita na kuiondoa kaboni dioksaidi hiyo, jiwe huanza kuiachia chini ya nyuzi 900. Ikituama kati ya mawe, uachiaji hupungua hata moto ukiwa mkali. Tena ikinaswa humo wakati tanuu linapoa, chokaa huivuta na kurudi kuwa kabonati. Kwa hiyo mpangilio wa tanuu unahusu njia za hewa sawa na unavyohusu kuni.

Katika tanuu la wazi magogo hulazwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati huachwa tundu la kuwashia, na mawe hurundikwa juu. Ukubwa wa mawe ndipo kazi nyingi inapoharibikia. Jiwe huiva kutoka nje kwenda ndani, na tabaka la nje likishaiva hupitisha joto kwa shida. Mawe ya sentimita 8 hadi 12 huiva vizuri yakiwa ya ukubwa mmoja. Ukichanganya na mapande ya sentimita 30, mapande hubaki na kiini kibichi. Ukiongeza moto ili kiini kiive, madogo yanaungua. Vumbi na vipande vidogo vikiingia katikati huziba njia za hewa, basi vichekechwe vibaki nje.

Chokaa iliyoungua ni ile iliyokaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 1,100 au zaidi. Vitundu vyake vidogo hujifunga, maji hayaingii upesi, na punje zake huchelewa kuzimika. Mwashi akiipaka kabla haijazimika yote, punje hizo huja kuzimika ndani ya lipu, hutanuka, na lipu hufumuka vishimo vishimo baada ya wiki au miezi. Udongo mwekundu unaojificha kwenye mashimo ya jiwe la maweni nao huleta madhara: joto likizidi, silika yake (madini ya mchanga) hushikana na chokaa na kuipunguzia nguvu ya kuzimika. Sugua, osha, kausha, ndipo upange. Jiwe lililokaa karibu na bahari lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi zaidi ya mara moja, maana chumvi ikibaki huja kutoka ukutani ikiwa unga mweupe.

Kipimo cha kuaminika ni uzito. Maabara huchukua gramu 10 za jiwe lililosagwa, hulikausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, kisha hulichoma kwa nyuzi 950 hadi 1,000 kwa saa moja. Hupozwa ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko kwa sababu chokaa hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani inao mwingi. Hupimwa, hurudishwa motoni nusu saa, hupimwa tena mpaka mizani itoe namba ileile. Asilimia iliyopotea ndiyo hewa iliyokuwa ndani, mradi jiwe halina udongo mwingi, kwani udongo nao hutoa maji yake motoni. Tuseme jiwe bichi limepoteza 42.

Sasa chukua chokaa iliyotoka kwenye tanuu, uipime vivyo hivyo, tuseme ikapoteza 12. Wengi hutoa 12 kwenye 42, wakasema asilimia 71 imeiva. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu gramu 100 za chokaa zimetoka kwenye jiwe zito zaidi ya gramu 100. Anza na kilichobaki. Gramu 88 zilizobaki, zikiwa jiwe bichi, zingekuja na hewa ya 42 mara 88 gawanya kwa 58, yaani gramu 63.7. Hewa iliyosalia ni gramu 12, sawa na asilimia 19. Kwa hiyo asilimia 81 imeiva. Kama chokaa ilikaa nje siku kadhaa, ichome kwanza kwa nyuzi 550 ili maji iliyoyanyonya yatoke, na uanze hesabu kutoka uzito huo. Bila hivyo utayahesabu maji kama hewa na kulisingizia tanuu.

Asiye na maabara ana njia nyepesi. Vunja jiwe, chukua punje za katikati, zimwage kwenye maji kidogo ndani ya bakuli la chuma. Chokaa iliyoiva huchemka, hupasuka na kuwa unga ndani ya dakika chache. Subiri ipoe kabisa, kisha tia siki. Mapovu yakitoka kwa wingi, kabonati bado imo. Usitie siki kabla ya kuzima: joto la kuzimika lenyewe hutoa mapovu na utadanganyika. Vaa miwani, maana chokaa inaunguza jicho. Ikiruka, osha kwa maji mengi ya kutiririka kwa dakika 20 kisha nenda hospitali.

Kuni nazo zina hesabu. Kupata kilo 1 ya chokaa kunahitaji takriban megajuli 3.2 za kuitoa hewa peke yake, bila joto la kulipasha jiwe. Kuni kavu hutoa megajuli 16 kwa kilo. Zenye maji nusu ya uzito wake hutoa karibu nusu ya hapo. Kwa makaratasi, moja ya tano ya kilo ya kuni kavu inatosha kuitoa hewa hiyo. Tanuu la wazi hutumia mara nyingi zaidi, kwa kuwa joto kubwa hupanda angani na pembeni. Ukuta wa mawe na udongo kuzunguka tanuu, na kuni zilizokaushwa, huokoa miti kuliko ujanja mwingine wowote. Na jiwe litoke maweni. Kung'oa tumbawe hai baharini ili kulichoma ni kuiharibu nyumba ya samaki, na ukuta haupati faida yoyote.

Migodi ya dhahabu ya Tanzania Bara hutumia chokaa hiyohiyo. Hutiwa kwenye tope la mawe yaliyosagwa kupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) hadi 10 au 10.5, kwani chini ya hapo sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, huanza kugeuka hewa ya sumu. Chokaa yenye kiini kibichi huko ni hasara mara mbili: kabonati haipandishi pH ipasavyo, na vipande vyake vigumu hukwama kwenye pampu na mabomba.

Chokaa ikishatoka kwenye tanuu isilale nje. Itiwe kwenye maji siku hiyohiyo, chokaa ikimwagwa kidogo kidogo ndani ya maji na si kinyume chake, kwa uzito wa maji mara mbili na nusu hadi tatu ya chokaa. Chekecha vijiwe visivyozimika, kisha uji huo ukae shimoni, maji yakiufunika juu, wiki kadhaa kabla mwashi hajaugusa.