Memori mpya za kompyuta: kagua ghala kabla ya kununua hisa

Kwenye semina yetu ya uwekezaji jijini Mwanza, mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alinisogezea simu yake. Kundi moja la WhatsApp lilimhimiza anunue hisa za kampuni ya ng'ambo "inayotengeneza memori ya kesho". Akaniuliza, "Mwanangu, hii ni kweli au wananizuga?"

Memori hiyo ipo kweli. Faida waliyomwahidi ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Simu yake ina memori za aina mbili. Ramu hushika kazi inayoendelea, ni ya haraka mno, lakini umeme ukikatika husahau yote. Flashi hutunza picha hata simu ikizimwa, ila ni ya polepole na huchakaa kadiri inavyoandikwa. Kwa miaka mingi wahandisi wametafuta memori moja yenye kasi ya ramu na isiyosahau kama flashi. Everspin ya Marekani hutumia sumaku, na memori zake tayari zimo kwenye mitambo ya viwandani. Weebit Nano, iliyo kwenye soko la hisa la Australia, hubadilisha ukinzani wa umeme ndani ya chipu, yaani kile kipande kidogo cha kielektroniki kinachobeba memori.

Nilimsimulia mama huyo habari za 3D XPoint. Julai 2015, kampuni za chipu za Marekani, Intel na Micron, zilitangaza kwamba memori hiyo ingeweza kuwa na kasi hadi mara 1,000 ya flashi. Intel ikaiuza kwa jina la Optane. Ilifanya kazi, na wapo waliotumia kompyuta zenye Optane wakaipenda. Lakini ilikuwa ghali kuliko flashi, ya polepole kuliko ramu, na wakati huohuo hizo mbili za zamani zikazidi kushuka bei. Micron ilijitoa mwaka 2021. Julai 2022 Intel nayo ikatangaza kuachana nayo, ikafuta kwenye vitabu dola milioni 559 za thamani ya shehena iliyobaki. Intel ina kifua cha kubeba hasara ya namna hiyo. Kampuni changa yenye bidhaa moja haina.

Na hata memori za kawaida hazina bei tulivu. Hapa mama wa Mwaloni alinielewa kabla sijamaliza. Siku za giza mitumbwi hutoka na taa, dagaa hujaa, na bei ya gunia hulala. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, bei hupanda, na kila mwenye fedha hutamani kuongeza mtumbwi. Viwanda vya chipu hufanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba kiwanda kimoja huchukua miaka kukamilika. Kinapoanza kuzalisha, wenzake nao wamemaliza vya kwao. Mporomoko wa bei unaofuata uliziangusha kampuni za memori, Qimonda ya Ujerumani mwaka 2009 na Elpida ya Japani mwaka 2012. SK Hynix ya Korea Kusini ilipata hasara ya uendeshaji ya won trilioni 7.7 mwaka 2023, kisha mwaka 2024 ikapata faida ya uendeshaji ya won trilioni 23.5, kwa sababu mitambo ya akili mnemba inahitaji ramu ya kasi kubwa kwa wingi.

Kwa maoni yangu mahitaji hayo yataendelea. Ila anayenunua hisa baada ya faida kutangazwa magazetini mara nyingi amenunua siku za mbalamwezi, na giza liko njiani.

Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni inayotengeneza chipu, kwa hiyo hisa hizi ni za nje. Iulize benki yako kanuni za fedha za kigeni kwanza. Hakikisha dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ada ya shule na mtaji wa biashara visiguswe. Anayekuahidi faida ya kila siku, mwondoe kwenye simu yako leo.

Mama huyo alinieleza kwamba kabla ya kununua dagaa huzunguka nyuma, kwenye stoo, kuhesabu magunia yaliyolala. Kampuni za memori zilizo sokoni nazo huonyesha magunia yao: ripoti zao za fedha ziko bure kwenye tovuti, na ndani yake kuna mstari wa bidhaa zilizo ghalani. Tulifungua ripoti ya Micron kwenye simu yake. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini tarakimu za ghalani alizisoma mwenyewe, robo mwaka baada ya robo mwaka, akiziandika kwenye daftari lake la mauzo.