Mwenye sukari usimpe sukari, na mgonjwa usimwachie usiyemjua: tuliyoyaamini tukiwa tumekwama Somanga

Mi sio daktari, niko Mtwara mjini nauza vifaa vya simu, ila kuna jambo lilitupata njiani na tangu siku ile nikisikia watu wanavyoshauriana kuhusu mgonjwa na watu wasiowajua nashindwa kunyamaza. Haya ya kitabibu niliyauliza baadae kwa waliosomea, na kwa mshkaji wangu niliyekuwa nae safari hiyo, ambae anaishi na sukari tangu tuko shule.

Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kimeshapita na mvua zimeshiba, barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, magari yakalala, mabasi ya Dar upande ule na sisi wa Mtwara na Lindi upande huu tunaangalia maji tu. Mshkaji anajichoma insulini. Asubuhi kajichoma dozi yake ileile ya siku zote, ila tangu jana yake usiku alikuwa na homa na chakula hakimwendi, na mi kwa uzembe wangu sikuuliza maana nilikuwa bize kutafuta netiweki. Kwenye saa nane mchana namkuta amesimama pembeni ya basi, kola ya shati imelowa jasho wakati kuna upepo wa bahari, mikono inatetemeka, anazunguka anatafuta simu yake na simu kaishika mkononi. Nikamwambia simu hiyo hapo, akanitukana. Yeye hajawahi kunitukana hata siku moja.

Wa kwanza kusema alikuwa konda: huyo kalewa. Wa pili akasema ana kitu kichwani, maeneo haya wenyewe wapo. Basi.

DHANA: Anayeongea ovyo na kupepesuka amelewa, au ana jini.

Ukweli ni kwamba sukari ikishuka ubongo unakosa chakula chake na mtu anakuwa hivyohivyo, anatetemeka, jasho jembamba la baridi, hasira zisizo na kichwa wala miguu, macho hayaoni vizuri, maneno yanajikanyaga, na ukichelewa anaanguka, anapata degedege kabisa au anapoteza fahamu. Kwa mtu wa insulini chini ya 4 (mmol/L) kwenye kile kipimo cha kutoboa kidole tayari ni shida. Sisi mashine tulikuwa nayo ila vistripu vimeisha, yani ni sawa na kuwa na bunduki bila risasi. Sasa mambo ya jini siingilii imani ya mtu, ila nawaambia jini la saa nane mchana ambalo limemkuta mtu aliyejichoma insulini bila kula, mpe kwanza kitu kitamu alafu ndo muite shehe.

DHANA: Mwenye kisukari usimpe sukari, utamuua.

Hii ndo iliyotaka kutumaliza. Alikuja mama mmoja muuza samaki, kanga imejaa matope mpaka magotini, beseni kichwani, akamwangalia mshkaji kama nusu dakika hivi. Hakumgusa. Akaniuliza mimi, "Mwanangu, kala saa ngapi huyu? Sindano kachoma? Anaweza kumeza?" Nikajibu. Akasema mtafutieni soda, na sio ile isiyo na sukari. Watu wakamjia juu, wewe mama unataka kuua mtu, mtu ana sukari unampa soda! Na kuna baba mmoja nadhifu, begi la ngozi, akasema yeye yupo sekta ya afya na kwamba sukari imepanda, achomwe insulini haraka.

Sasa hapo nimesimama na sindano ya mshkaji kwenye begi langu, kushoto muuza samaki, kulia baba wa begi. Nachagua nani?

Ukweli ambao siku hizo sikuujua: kama huna kipimo, na mgonjwa wa sukari amebadilika ghafla na bado anameza, unampa kitu kitamu. Sababu yake ni nyepesi. Sukari ikiwa imepanda, nusu chupa ya soda haitambadilishia sana hali, kupanda huwa kunachukua masaa na siku mpaka kumuangusha mtu. Ikiwa imeshuka ukamchoma insulini, umemshusha zaidi, na hapo dakika zinahesabika. Kiasi chenyewe ni kama gramu 15 za sukari, yani vijiko vitatu mpaka vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, unasubiri robo saa, hajakaa sawa unarudia. Akikaa sawa anakula kitu cha kushika tumbo, mkate, muhogo, ndizi, maana ile insulini ya asubuhi bado iko kazini na inaweza kumshusha tena. Biskuti na chokoleti kwa kuanzia zinachelewa. Na kama ameshazimia, usimtilie kitu mdomoni, sio soda, sio asali, sio kijiko, mlaze ubavu na tafuta usafiri, kwasababu atapaliwa hiyo soda iingie kwenye mapafu.

Baba wa begi simlaumu kivile. Nadhani alikuwa anamaanisha, sio tapeli, ila alijua nusu, na nusu yake akaisema kwa sauti ya mtu anayejua yote.

DHANA: Usipokee chochote kwa mtu usiyemjua.

Hii nayo nusu yake ni kweli, ndo maana inachanganya. Wasafiri wa mabasi wote tumeshaambiwa, abiria wenzako wakikupa biskuti au juisi usile, watu wamelevywa wakaamka hawana begi wala simu. Sio hadithi, inatokea. Kwahiyo yule mama aliporudi na soda mi nilisita, na alikiona kisito changu. Hakukasirika. Akanishikisha chupa akasema "Fungua mwenyewe." Ilikuwa ya baridi bado, kizibo hakijaguswa, nikaifungulia kwenye bawaba ya mlango wa basi na povu likanimwagikia kiatuni.

Hapo ndo nilipopata kitu ambacho sasa hivi nakitumia kila mahali. Swali la "namjua huyu au simjui" halikusaidii kitu ukiwa umekwama porini, maana wote huwajui. Swali ni anafanya nini na mikono yake. Anauliza kabla hajagusa? Kitu anachokupa kimefungwa, unakifungua wewe? Anakubali watu wengine waone? Anataka uende nae au anataka umuachie mgonjwa, simu na begi afu wewe ubaki? Ukiona mtu anaharakisha kukutenganisha na wenzako, au anataka namba ya siri ya simu eti alipie hospitali, huyo achana nae hata kama amevaa koti jeupe. Mama alipita yote hayo na hata jina lake sikulijua.

Mshkaji alikunywa nusu, tukakaa, kama robo saa hivi akaniangalia akauliza tumefika wapi. Nililia bana, sifichi.

Ila homa ipo palepale na anatapika, na usiku unakuja. Mama akasema huyu asilale hapa, kuna kituo cha afya huko ndani, maji hayajaikata njia ile ila gari haipiti, pikipiki inapita. Akamwita dogo wa boda.

DHANA: Mwenye moyo mwema hachukui hela, ukisikia anataja bei jua ni tapeli.

Dogo alitaja elfu thelathini. Kwa safari ambayo siku ya kawaida labda elfu tano. Abiria wakaanza, ona sasa, wanafaidika na shida za watu. Mi mwenyewe roho iliniuma. Lakini fikiria vizuri, petroli haipandi toka Dar, barabara imekatika, lita wanauziana kwenye chupa za maji, njia yenyewe matope na mito imepanda na anaweza akapoteza pikipiki ambayo pengine ni ya tajiri anapeleka hesabu kila siku. Bei ilikuwa kubwa, na dogo alikuwa mtu mwema, vyote viwili kwa pamoja. Tukashushana mpaka elfu ishirini na tano. Tapeli sio anayetaja bei, tapeli ni anayetaka yote kabla hamjaondoka alafu bei inabadilika mkifika katikati ya pori. Huyu alisema nusu sasa, nusu mkifika.

Alafu kuna vitu ambavyo havikuhitaji imani kabisa, nilivifanya tu. Nilimuuliza anapaki kijiwe gani, na kabla hajajibu wenzake watatu wakamtania kwa jina lake la utani, hapo nikajua ana watu wanaomfahamu na kesho atawakuta. Boda bila kijiwe, ambae hamna anayemuita kwa jina, huyo ndo wa kumuogopa. Namba ya pikipiki nikaiandika kiganjani kwa kalamu maana chaji ilikuwa asilimia nne, na nikamsomea konda (yuleyule wa "kalewa") mara mbili akaiandika kwenye kitabu cha tiketi. Dogo aliona yote hayo na hakujali. Anayekasirika ukiandika namba yake kakupa jibu.

Tukapanda mshikaki, dogo mbele, mgonjwa katikati, mi nyuma nimemkumbatia. Mama akavua kanga yake moja akatufunga mshkaji na dogo kiunoni, akasema akilegea asidondoke. Ujue mshikaki sheria haitaki na ni hatari kweli, sikushauri, ila mgonjwa aliyelegea ukimweka nyuma peke yake ni kumpeleka akaanguke. Kuna sehemu maji yalifika kwenye ekzosi, dogo akazima, akashuka akasukuma, sisi tuko juu. Mita kama hamsini hivi. Hakusema neno mpaka tulipotoka, akatema mate akasema "Hapa jana kuna boda ilikwenda na maji." Sasa si ungeniambia kabla!

DHANA: Ukimpeleka mtu hospitali akafia mikononi mwako unalala ndani, na bila PF3 hawamgusi.

Hii inawafanya watu wema wakae pembeni wanapiga picha. Dogo mwenyewe aliniuliza njiani, kaka haina kesi hii? PF3 ni fomu ya polisi ya mambo ya majeraha, ajali, kupigwa, kuchomwa kisu. Mtu mwenye malaria au sukari haihusiani nae hata kidogo. Pale kituoni walimpokea, wakamtoboa kidole sukari 4.2 hata baada ya ile soda, kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili. Kumbe ndo mzizi wenyewe: malaria ikamkatisha hamu ya kula, na malaria kali yenyewe pia inashusha sukari, juu yake insulini. Kwahiyo watu wa insulini, kuugua sio sababu ya kuacha sindano kienyeji, ila siku ya homa unapima mara nyingi kuliko kawaida na unalazimisha kitu chochote cha wanga kipite, na ukiona hakipiti unawahi kwa wataalamu, usisubiri basi liondoke.

Dogo alikaa benchi mpaka dripu imewekwa. Alikuwa anasubiri nusu yake ya hela, ndio, lakini nilishampa na bado alikuwa amekaa.

DHANA: Piga tu 115 ambulensi inakuja.

Haraka haraka hii maana watu wanaisambaza vibaya kwenye magrupu ya wasap. 115 ni ya bure na ni ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na vichanga wenye dharura, sio kwa kila mgonjwa. Polisi 112, zimamoto na uokoaji 114. Ila m-mama ina jambo linaloingia kwenye mada yangu: ambulensi isipokuwepo karibu wanamtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo, mtu mwenye gari yake. Yani mama mjamzito wa kijijini Liwale usiku anapanda gari ya mtu ambae hajawahi kumuona. Tofauti yake ni kwamba dereva kaandikishwa, safari inajulikana imeanza saa ngapi inaishia kituo gani, na malipo hayatoki mfukoni kwa mgonjwa. Ni kilekile nilichokifanya mimi kwa kalamu kiganjani, wao wamekifanya kwa mpangilio.

Na hapo kwetu kama huna namba yoyote na simu imezima, kuna mwenyekiti wa kitongoji. Watu wa mjini tunamsahau huyo kabisa. Yeye ndo anajua nani ana pikipiki nzima, nani ana mtumbwi, na nyumba ipi ina nesi aliyestaafu.

Mshkaji yuko poa, sasa hivi anatembea na glukosi ya unga kwenye mfuko wa suruali na stripu za ziada. Kanga ya yule mama ninayo bado, nilifua matope yakabaki alama. Nimeshapita Somanga mara mbili tangu hapo, basi likisimama nashuka nazunguka kwenye meza za samaki, sijamkuta.